Kiberiti cha Afande Lwitiko

Walituhesabu asubuhi mara mbili,
kisha mara ya tatu, na hiyo ya tatu haikuwa kawaida.
Moshi ulikuwa umeruka ukuta wa Ukonga bila kibali
ukaja kukaa kwenye uji wetu.
"Msitu wa Pugu unaungua," akasema Afande Lwitiko.
"Gari la zimamoto limenasa mchangani.
Nani anajitolea?"

Nimelitafuna sana neno hilo, kujitolea.
Ndani yake mna kutoa,
na kutoka kunachungulia mlangoni.
Hakuna aliyeahidiwa kupunguziwa hata siku moja.
Mikono ikapanda hata hivyo, ishirini na minne,
mingine kwa ajili ya miti, sijui,
wangu kwa ajili ya kupanda karandinga
na kuiona barabara, maduka ya mbao,
mtoto akivuka na mkate kwapani.

Nilifungwa kwa sababu ya msitu huo huo.
Hati inasema: Chande Mwinyimkuu
aliingia hifadhini bila kibali,
akakata miti, akachoma tanuri tatu za mkaa.
Hati haisemi mkaa ule aliununua nani,
ni jiko la nani, Tabata au Masaki,
lililoivisha pilau kwa kosa langu.

Tulishushwa na mapanga, majembe, matawi mabichi.
Sare za rangi ya chungwa ndani ya moshi:
ungetuona kwa mbali
ungedhani sisi ndio moto.

Tulipiga. Ukainama, ukazunguka, ukatokea nyuma.
Mgaya, aliyeiba nyaya za umeme,
alipiga mpaka tawi lake likabaki fimbo.
Mzee Kisimbo wa kesi ya shamba akacheka huku akikohoa:
"Huu hauna hakimu, huu!"
Kisha upepo ukageukia nyumba za Kajiungeni.

Hapo nikasema ninachokijua.
"Afande, matawi haya hayatatosha.
Tufyeke ukanda hapa, penye kichuguu,
tuwashe wetu uende ukakutane na ule.
Ule ukifika, ukute sahani tupu."
Akanitazama kama anayesoma hati usoni mwangu.
Wahenga walisema dawa ya moto ni moto.
Hawakusema kiberiti akishike nani.

Alichelewa. Nilisikia ndege ikishuka uwanjani,
abiria labda wakiulizana moshi ule ni wa nini.
Kisha akatia mkono mfukoni.

Miaka miwili na miezi minne sijashika kiberiti.
Kilikuwa chepesi kama mdudu aliyekauka.
Njiti ya kwanza ikavunjika.
Ya pili nikaikinga kwa viganja
kama nilivyofanya usiku ule,
shoka langu likiwa bado na utomvu.
Viganja vile vile.
Moto wangu ukatambaa, ukasimama, ukaenda,
ukaukuta mwenzake,
ikagombana kidogo, yote miwili ikakosa cha kula.

Mama mmoja wa Kajiungeni akaleta maji
kwenye ndoo iliyokuwa ya rangi ya nyumba.
Akatushukuru, kila mtu kwa zamu yake,
huku amemvuta mwanawe nyuma ya kanga.
Sikumlaumu. Maji yalikuwa na ladha ya rangi,
nikanywa vikombe vitatu.

Jioni, langoni, hesabu: ishirini na wanne.
Hakuna aliyetoroka, ingawa moshi ulikuwa mwingi
na njia za msitu ule nazijua hata nikifumba macho.
Kisha upekuzi.
Mikono ikapanda tena, ile ile ya asubuhi.
Askari wa lango akapapasa kiunoni mwangu, akakitoa,
akakitikisa sikioni: njiti kumi na moja.
"Wewe mchoma mkaa, hiki umekipata wapi?"

Afande Lwitiko alikuwa anakung'uta jivu kwenye kofia.
Akaacha.
Alichelewa, kama alivyochelewa kule penye kichuguu.
Nami nimesimama, mikono juu,
nasubiri aseme neno moja tu:
changu.