Vali ya Samaki

Gari la baba lilikuwa na geji isiyo na namba.
Rangi tatu tu: nyeupe, njano, nyekundu,
na mshale mwembamba kama kijiti cha meno.
Waliolitengeneza huko Uswidi waliona inatosha
dereva ajue yuko salama, yuko karibu, amezidi.
Baba naye alizungumza hivyohivyo.

Jumamosi ya Machi, Kemijärvi,
nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri.
Gereji ina jiko la mafuta linalokohoa
na mwanangu Joona, miaka ishirini, kichwa wazi.
Kwa mshahara wa kupakia mbao amenunua vitu viwili:
geji yenye namba, na kidhibiti cha shaba
cha kuiambia turbo, vuta pumzi zaidi.
Anataka kuanza na kidhibiti.
Nikamwambia: huongezi usichokipima.
Kidhibiti kikabaki kwenye boksi.

Tukakata mpira mwembamba utokao kwenye manifoldi,
tukatia kiungo cha njia tatu, tukabana klipu.
Mpira mpya tukaupitisha tundu la waya nyuma ya injini,
mimi chali chini ya usukani, miguu nje ya mlango,
yeye akisukuma, mimi nikipapasa,
"Umeuona?" "Bado." "Umeuona?"
mpaka ulipochungulia kama mkia wa panya.
Injini ikawaka. Mshale ukazama chini ya sifuri, ukatulia.
Ndivyo. Injini isiyo na haraka hunyonya tu.

Barabara ya Pelkosenniemi, nyeupe, tupu.
Gia ya tatu. Nikakanyaga.
Kitabu cha gari kinasema nukta tano, basi.
Mshale ulipita nukta tano bila kubisha hodi.
Nukta saba.
Nukta nane na nusu,
nikatoa mguu kama niliyekanyaga kaa la moto.
"Mama," Joona akasema, "ile nyingine hatujaifunga."

Kamba hukatikia pabovu, kwa hiyo nilitafuta pabovu.
Nikafuata kwa vidole mpira uendao kwenye lango la moshi,
na nyuma ya betri, ndani ya utepe uliokauka kama gome,
nikagusa kitu kidogo, kijani, cha plastiki.

Nilikijua kabla sijamaliza kukimenya.

Sebuleni tulikuwa na tangi la samaki.
Saba, wa rangi ya chungwa. Mnene wao
nilimwita Bibi Hietala, kwa jina la mwalimu wangu.
Baridi ya themanini na tisa, viputo vilikoma.
Baba alisimama mbele ya tangi, mikono nyuma:
"Samaki hawapendi baridi."
Mama akawafunga kwenye gazeti la Alhamisi.

Vali hii kazi yake ni uongo mdogo.
Huvujisha hewa njiani, kidogo,
ili mlinzi wa lango asikie: bado, bado,
na turbo imekwisha kuvimba.
Yule aliyevaa tai kwenda kuuza stempu posta,
aliyeniambia kila asubuhi, polepole, barafu haina rafiki,
aliyeshuka mara mbili kukagua alivyoegesha,
alipita barabara hii, usiku, sijui mara ngapi,
na nukta nane na nusu,
na geji ya rangi ikimtunzia siri.

Nilicheka hadi nikashika boneti.
Kisha nikakasirika, kwa ajili ya samaki,
hasira ya miaka tisa, ikiwa nzima, haijapauka.

Joona akauliza: tuitupe, tufunge ya shaba?
Nikachukua koleo. Nikairudisha robo mzunguko,
robo ya Bibi Hietala.
Ikalia mlio mkavu, haikuvunjika.
Nukta saba sasa. Tumeiviringishia utepe mpya.

Geji ya zamani sikuing'oa.
Mishale yote miwili hupanda pamoja,
mmoja ukitaja namba, mwingine ukisema: njano.
Kile cha shaba kingali kwenye boksi,
na Joona ananidai euro arobaini.