Sakramenti ya Saba

Mkaguzi wa askofu alifika Jumanne, supu haijaiva,
kijana wa Dillingen, mikono laini kama siagi.
Akashuka juu ya nyumbu, akafungua daftari,
akauliza kama mtu anayehesabu kondoo wa mwenziwe:
Taa ya altare huwaka usiku kucha?
Mafuta matakatifu yana kufuli?
Padri, nitajie sakramenti saba.
Veit akataja sita, akakohoa.
Ya saba nilimnong'oneza mimi,
nimesimama mlangoni na mwiko:
Ndoa.

Ndipo mkaguzi akainua macho. "Na huyu?"
"Mpishi," akasema Veit.

Miaka kumi na tisa. Watoto wanne, mmoja kaburini.
Mpishi.

Ng'ambo ya mto Jagst, safari ya rozari moja kwa miguu,
yuko Mchungaji Endres, zamani padri kama Veit;
walisoma pamoja, wakalewa pamoja.
Yeye alivuka. Akamwoa Margret mchana kweupe,
kengele zikalia, na wanawe wana jina la baba.
Sokoni Margret huniita kahaba wa Papa,
nami namwita mke wa mzushi,
kisha tunagombania kabichi moja.

Baridi iliyopita vijana wao walivuka juu ya barafu
wakamkata pua Mtakatifu Ottilia wetu wa mbao.
Vijana wetu nao wakavuka, wakachoma ghala lao la nyasi.
Mlikuwa na ndama ndani.
Ndama hana dhehebu.
Alilia mpaka karibu na alfajiri, na upepo ulikuwa wa kwetu.

Sisemi mkaguzi amekosa.
Kabla ya Veit tulikuwa na Padri Jobst,
aliyeuza mazishi kama samaki:
ya kuimbwa bei yake, ya kunong'onwa bei yake.
Mama yangu alizikwa kwa kunong'onwa.
Nyumba ilitaka kufagiwa, nani asiyejua?
Ufagio niliushika mimi.
Sikujua tu kwamba vumbi ni mimi.

Wakubwa waliingia na kutoka Trento miaka kumi na minane,
wakipima neema, wakipima imani na matendo,
wakashuka ngazi kwa ngazi hadi jikoni kwangu.
Ufa hawakuuziba siku zile ulipokuwa ufa.
Sasa wanajenga ukuta,
nao umepita katikati ya kitanda.

Nimepewa hadi sikukuu ya Martino.
Daftari la ubatizo ni jipya, lina harufu ya ngozi.
Veit ameandika mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri:
Sixt, mama Kunigund, baba
kisha nafasi nyeupe, upana wa kidole.
Sixt ameuliza kama ataijaza akikua.
Nimemtuma kuni.

Margret amepeleka habari kwa mwuza chumvi:
kwa dada yake kuna chumba, kama sitaleta sanamu.
Ninayo moja tu, Ottilia asiye na pua.
Sijajibu.

Usiku huu namsikia Veit ng'ambo ya ukuta,
anakariri kama mtoto wa shule, maana mkaguzi atarudi:
ubatizo, kipaimara, ekaristi, kitubio,
mpako wa wagonjwa, daraja.
Ananyamaza.
Mwiko uko mkononi mwangu.
Safari hii simwambii.