Geji

Datsun ya Mwalimu Ngwali, pale Machomanne:
miaka tisa mshale haushuki.
Tangi limejaa, ndivyo unavyosema,
hata siku aliyoisukuma kutoka Vitongoji.

Nikafungua dashibodi. Vumbi, pini ya buibui,
risiti ya karafuu ya mwaka wa mvua nyingi.
Spidi mita nikaipa tone la mafuta ya cherehani,
ikaacha kutetemeka.
Geji ndiyo iliyonichosha,
mpaka chini ya kiti cha nyuma nikaukuta:
waya mmoja umechubuka, unabusu bati.
Uongo wote ule.

Nikauzungushia tepu. Nikawasha.
Mshale ukashuka, ukasita kwenye nusu kama mgeni mlangoni,
ukalala.

Mwalimu akautazama, akanitazama.
"Shaame, gari nimekuletea limejaa."