Keti Nti

Kidude kimelala chini ya mtulinga wa kushoto,
bapa, kama kipande cha sabuni kilichobakia bafuni.
Mwanahalima hukigusa kwa ncha ya kidole,
huniuliza, "Kingali mato?"
Kingali macho. Betri iliyobaki ni ya miaka tisa.
Mjukuu wetu Swabra naye ana tisa.
Nimeshapiga hesabu: itamfikisha kumi na minane.

Nilipasuliwa Mombasa, nikashonwa nyuzi sita.
Nami mshona kofia nikazitazama nyuzi za daktari,
nikasema moyoni: mkono mzuri, ila una haraka.
Nikarudi Lamu nikijua nimemaliza kuanguka.

Nikaanguka Langoni, mchana kweupe,
nikingojea chenji ya mkate wa mofa.
Nikaanguka kwenye swala ya jeneza, safu ya pili,
watu wakadhani nimemfuata marehemu.
Nikaanguka ngazini, kidato cha nne kutoka juu;
alama ya ukingo wa chokaa ninayo hapa, nyushini.

Kila mtu na dawa yake. Huyu kitunguu puani,
yule maji ya kombe, Bi Rukiya Famau
anaapa ni jini, na majini hayapendi chuma.
Watoto wa mtaani wakanipa jina:
"Baba Betri! Umeisha chaji?"
Nami nikakilaumu kidude.
Nilikiita bawabu anayelala mlangoni
na mshahara ameshachukua.

Mpaka daktari, binti mdogo, miwani imemzidi uso,
aliponiwekea kifuani kitu baridi kama pasi,
na mashine ikatoa karatasi, ikatoa, ikatoa.
"Mzee Lali, hiki huandika kila kitu.
Siku ya jeneza moyo ulipiga vizuri.
Siku ya ngazi, vizuri. Mishipa ndiyo iliyolegea,
damu ikateremka miguuni, kichwa kikabaki kikavu.
Kidude hakiwezi kuifuata huko."
Akafunua ukurasa.
"Lakini hapa, tarehe nne, saa tisa usiku,
moyo ulinyamaza. Kikaupigia."

Saa tisa usiku, tarehe nne.
Nilikuwa nimelala. Mwanahalima asema nilikoroma.

Sikupata la kusema. Nilifunga vifungo vya shati,
kimoja nikakikosea.

Sasa bilauri ya maji hulala kidakani, karibu na kitanda.
Nainywa yote kabla miguu haijagusa sakafu,
kisha naketi ukingoni, nasoma Kulhuwallahu mara tatu,
ndipo nasimama. Uji wangu una chumvi, kwa ruhusa.
Simu naiweka sikio la kulia.
Hayo ni mepesi.

Zito ni hili: inapokuja, hubisha hodi.
Sauti za watu huenda mbali,
kama redio ya jirani mtu anapofunga dirisha.
Jasho la baridi shingoni. Ukuta mweupe hupata punje.
Hapo nina kitambo cha kutia uzi sindanoni,
na katika kitambo hicho sharti niivue heshima yangu
niiweke chini, nami niifuate.
"Keti nti!" hunipigia kelele Mwanahalima. "Lali, keti nti!"
Na nti ya kichochoro chetu waijua ina nini,
na kanzu ni ya Ijumaa.

Ijumaa iliyopita niliketi.
Nikalala chali kabisa, visigino juu ya baraza la Bunu,
kofia kifuani, mahali pa kidude.
Wale watoto wakaja. Nikafumba macho, nikangoja jina langu.
Mmoja akachuchumaa.
"Baba Betri, tunangoja nini?"
"Tunangoja damu ipande."
Wakaketi, watatu, kisha watano.
Punda wa mchanga akafika, akatutazama, akapita ubavuni.
"Imefika wapi?" akauliza mdogo wao.
"Magotini."
Wakangoja.