Mstari wa Pili

Ubao wa Torbjørg unanuka chaki na mvua ya Bergen.
"Huyu bromini," asema, "hatoki kwa mlango anaoingilia mwenziwe:
mgeni hupiga hodi uani,
yeye hutokea mbele,
na kaboni, katikati, hupinduka
kama mwavuli wangu bandarini asubuhi ya leo."

Tunacheka. Anafuta.

"Sasa waondoeni wawili, jirani kwa jirani.
Msiache pengo."
Chaki yasita.
Mwaka juzi: mume, kaburini; kijana, Tromsø.
Nyumbani wamebaki yeye na Ragnfrid, bintiye,
wasiosemezana tangu Pasaka.

Anachora mstari kati ya kaboni mbili,
kisha, taratibu, wa pili kando yake.
"Waliobaki hushikana mara mbili.
Joto likizidi. Si kila mara."