Kalenda ya Sufuria

Mama alikula mwisho, siku zote.
Baba kwanza, wageni, watoto, halafu yeye
kwenye kiti kifupi karibu na mafiga,
akikwangua ukoko.
Ndiyo maana hakuna aliyeona
nyama ya Pasaka ikirudi sufuriani
imetafunwa upande mmoja.

Huku kwetu Uru hatuandiki tarehe za ugonjwa.
Mimi nazijua kwa chakula.
Aprili, nyama.
Mwezi wa saba, kahawa zikianza kuwa nyekundu,
kiburu: akasema maharage ya mwaka huu ni magumu.
Tukambadilishia maharage.

Zahanati walimpa vidonge vya vidonda vya tumbo,
mara mbili, kisha mara ya tatu,
na ushauri wa kuacha pilipili
ambayo hakuwahi kuila.

Siku zile zile, Jumatatu na Alhamisi,
alishuka Shanty Town kufua kwa Bwana Lyatuu.
Huko chapati ilimkwama Bwana kooni, Jumanne,
mkewe akapiga simu kabla chai haijapoa.
Ijumaa kamera ilishapita.
Mwezi haujaandama tena, keshapasuliwa, keshashonwa,
na Mama akakabidhiwa mashuka yanayonuka spiriti;
akayafua, akayaanika, akayapiga pasi,
koo lake limefunga kama mlango wa stoo.

"Mama, ulijua?"
"Nilijua ni ugonjwa wao."
Alisema hivyo: wao.
Kana kwamba kansa nayo huulizwa kitambulisho getini.

Agosti nikasema twende hospitali kubwa.
Ni pale chini tu,
mapaa yake tunayaona tukichuma kahawa.
Lakini kipimo kina kaunta, kaunta ina bei,
na bei ina kaka.
Mimi nina jembe. Kihamba hakina jina langu,
hata mkungu mmoja siuzi bila kuulizwa.
Godlisten akajibu kutoka Dar:
tusiwe na haraka, Desemba tutakuja wote,
tutakaa kama ukoo.

Septemba, mtori.
Oktoba, mtori uliochujwa kwa kitambaa.
Novemba, uji: kijiko, kikohozi, kijiko.

Desemba wakapanda na magari yao
mpaka barabara ya kijiji ikaziba.
Mbuzi akachinjwa, kisusio kikachemka.
Mama ndiye aliyeonja chumvi:
akakiweka ulimini, akaenda kukitema nyuma ya banda,
akarudi, akasema kimekolea.
Usiku kikao kikakaa. Pesa ikapatikana kwa dakika kumi.
Nilikuwa naitazama saa ya ukutani.
Kumi.

Daktari alikuwa kijana, mpole,
akiandika bila kututazama.
"Mbona mmechelewa?"
Nikatafuta jibu la kuenea kwenye ule mstari wa fomu.
Mstari ni mfupi.
Nikasema, "Tulikuwa tunapika."

Februari, maji.
Kisha mate.

Bwana Lyatuu alikuja msibani, sitamnyima haki yake.
Alileta magunia mawili ya mchele,
akakaa chini ya turubai pamoja na watu.
Sahani nilimpelekea mwenyewe.
Alitafuna polepole, kama walivyomfundisha,
akameza.
Nikaona koo likipanda, likishuka,
na kovu likichungulia juu ya kola.
Sikumchukia. Nilisimama na jagi la maji ya kunawa
nikisubiri ashibe.

Niliporudi jikoni Baba ameshakula,
wageni wameshakula,
na binti yangu, miaka tisa, amekalia kile kiti kifupi
anakwangua ukoko.
"Inuka," nikamwambia.
"Chukua sahani, pakua nyama, kaa hapa mbele yangu.
Nataka nikuone ukimeza."