Macho Yaliyoviringishwa

Kitabu kinasema Meri aliviringisha macho.
Ambakisye akauliza: yaliviringika mpaka wapi, mwalimu?
Darasa zima kicheko. Mvua ya Tukuyu ikapiga bati.
Kamusi ikanipa gurudumu, ikanipa pipa,
jicho haikunipa.

Ukurasa wa pili, macho ya kijana
yakaanguka juu ya barua.
“Nani aliyaokota?”

Jioni, gengeni kwa Mama Sekela,
nikaomba chane ya ndizi kwa mkopo,
mara ya tatu wiki hii.
Hakunijibu.
Mboni zikapanda darini, zikazunguka polepole,
zikashukia upande wa pili; akasonya kidogo,
akanifungia ndizi.

Usiku nikaandika kwa penseli, pembeni mwa Meri:
kumchoka mtu
bila kumfukuza.